Upindo wa Kanga

Kwa miaka mingi nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi niliwafundisha watoto methali isemayo, "Mwacha asili ni mtumwa." Niliiandika ubaoni kwa chaki, nikawaeleza maana yake, kisha nikawapa zoezi. Sikudhani hata siku moja kwamba methali hiyo ingekuja kunigeukia ndani ya nyumba ya wazee wangu mwenyewe. Na kilichonifunza maana yake hakikuwa kitabu wala mhadhara. Kilikuwa kipande cha karatasi ngumu kinachotosha kiganjani, postikadi ya zamani.

Aliniletea mtoto wa mjomba wangu mwaka 2008, aliporudi likizo kutoka Uingereza alikokuwa akisoma. Aliikuta ndani ya boksi la vitu chakavu katika soko la Jumapili, akainunua kwa pauni nne.

"Dada," aliniambia, "niliinunua kwa sababu tu niliona neno Zanzibar. Nilipofika chumbani nikaitazama vizuri, usingizi ukanipaa. Hebu mtazame huyu wa kulia."

Nikamtazama. Wanawake wawili wamesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Wa kushoto ameshika mtungi. Wa kulia hana kitu mkononi, mikono ameiachia tu, kama mtu aliyeambiwa asimame asijue asimameje. Chini yao yamechapwa maneno machache ya Kiingereza ambayo maana yake ni "Wanawake wenyeji, Zanzibar". Majina hakuna. Huyo wa kulia ana paji pana, macho yaliyolala kidogo, na ndewe ya sikio la kushoto imechanika mpaka chini.

Sikio lile nililijua. Nyumbani kwa mama mkubwa wangu, Ng'ambo ya Unguja, ilitundikwa ukutani picha moja tu ya bibi yake, yaani mama aliyemzaa bibi yangu. Katika picha hiyo ni mzee sana, ameketi kwenye kiti, na upindo wa kanga ameushika mbele ya mdomo. Paji ni lile lile, na sikio ni lile lile. Tofauti ilikuwa moja tu. Kwenye postikadi hakujifunika mdomo. Mdomo wa juu ulionekana wazi, na katikati yake palikuwa na tundu.

Ndugu msomaji, ili uelewe kwa nini tundu hilo lilinikosesha raha, yafaa nikueleze tulivyosimuliwa utotoni. Tuliambiwa kwamba bibi huyo alikuwa binti wa Abdalla, Mwarabu aliyekuja kwa jahazi kutoka Hadhramaut. Ndiyo maana ukoo wetu una lakabu ya Kiarabu, na ndiyo maana wajomba zangu walipokwenda kuposa walikwenda vifua mbele. Na kwa nini bibi hakuonekana akicheka wala kuzungumza bila upindo wa kanga mdomoni? Jibu lilikuwa, "Bibi yenu alikuwa mwanamke wa haya." Sisi wasichana tuliambiwa tumuige. Tukamuiga.

Nilivuka na postikadi ile hadi Unguja nikamwonyesha mama mkubwa. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka kama themanini hivi, na macho yake yalikuwa bado mazima. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akanirudishia, akasema, "Siye." Akaniuliza habari za Dar es Salaam, bei ya mchele, na magoti yangu. Nilipotaka kurudi kwenye mazungumzo yale, akaita mjukuu alete chai.

Hapo ndipo nilipoamua kutafuta mwenyewe. Nilikuwa nimestaafu, na mwalimu mstaafu ana kitu kimoja ambacho hakuwa nacho zamani, nacho ni muda.

Nilianza na tarehe, maana postikadi huwa na njia zake za kutaja umri wake. Upande wa nyuma ulikuwa umegawanywa kwa mstari wa wima, anwani kulia na salamu kushoto. Zamani haikuwa hivyo. Upande wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake, na mwandishi alijibana kuandika pembezoni mwa picha. Uingereza iliruhusu mgawanyo huo mwaka 1902, Ujerumani mwaka 1905, na nchi nyingine zikafuata. Stempu nayo ilikuwa na sura ya Sultani Ali bin Hamoud, aliyetawala Zanzibar tangu mwaka 1902 hadi alipojiuzulu mwaka 1911, na thamani yake iliandikwa kwa senti. Stempu za Zanzibar ziliacha kuhesabiwa kwa ana na kuanza senti mwaka 1908. Kwa hiyo kadi ilitumwa si kabla ya mwaka huo, na yaelekea si muda mrefu baada ya 1911.

Hata hivyo tarehe ya kutumwa si lazima iwe tarehe ya picha. Wapiga picha wa Unguja wa siku zile, wengi wao Wagoa kama vile A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, walikuwa wakitunza vioo vya picha na kuvichapisha tena na tena kwa miaka. Mtu aliyepigwa picha mara moja aliweza kuuzwa dukani miaka kumi baadaye, leo akiitwa "mwenyeji", kesho "Mswahili". Yeye mwenyewe hakujua. Ningependa kujua kama bibi yangu aliwahi kupita mbele ya duka akajiona amepangwa pale dirishani.

Baada ya tarehe nikayageukia maandishi. Yalikuwa ya wino uliofifia, na mtoto wa mjomba alinisaidia kuyasoma. Mwandishi alikuwa Mwingereza akimwandikia dada yake. Alisema kwamba joto ni kali, kwamba homa imemwachia, na kwamba meli itaondoka Jumamosi. Kisha akaongeza sentensi moja: "Huyu wa kulia ndiye anayetufulia nguo."

Basi. Hayo ndiyo maneno pekee yaliyoandikwa juu yake na mtu aliyemwona kwa macho, ambayo nimepata kuyasoma.

Kijana wetu aliporudi Uingereza alianza kumtafuta mwandishi. Mwaka 2009 sensa ya Uingereza ya 1911 ilifunguliwa kwa umma, na kwa kutumia jina na anwani ya yule dada alimpata kwa jioni mbili tu. Alinipigia simu kwa furaha. Uingereza na Wales zimeandikisha vizazi, ndoa na vifo tangu mwaka 1837, na orodha za abiria wa meli zimehifadhiwa. Kwa hiyo akanisomea yote: mwaka aliozaliwa bwana yule, kazi ya baba yake, majina ya ndugu zake sita, meli iliyomrudisha, mwanamke aliyemwoa, na siku aliyofariki. Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa kimya. Mwenye nguo tulikuwa tumempata, pamoja na ukoo wake wote. Aliyezifua tulikuwa hatujui hata alizaliwa wapi.

Sikumchukia bwana yule. Kama asingeandika sentensi yake ile, nisingekuwa na pa kuanzia. Lakini nilitambua jambo ambalo sikuwahi kulifikiri nilipokuwa nikifundisha historia. Karatasi nazo zina upendeleo wake. Wapo waliozaliwa mbele ya kalamu, na wapo waliozaliwa nyuma yake.

Njia iliyonifungukia baada ya hapo haikuwa ya karatasi. Nyumbani kwetu, mtoto akianguka au mtu akiumia, wanawake husema, "Pepani, pepani." Majirani wote husema "pole". Nilikua nikiamini kuwa hilo ni neno la utani wa nyumbani, kama familia nyingi zilivyo na maneno yao. Siku moja mwaka 2010, jirani na ninapoishi upande wa Temeke, nilikuwa nimeketi kwa mama mmoja muuza chai. Nikageuka ghafla, nikampiga kiwiko dereva mmoja wa lori, chai ikammwagikia mkononi. Nikasema, "Pepani, baba, pepani sana!"

Yule dereva hakuutazama mkono wake. Alinitazama mimi. "Mama," akasema, "kwani na wewe unatoka kwetu?"

Alikuwa mtu wa Malawi, amekuja kuchukua mzigo bandarini. Akanieleza kwamba kwao, kwa Kinyanja, ndivyo mtu anavyoomba radhi na kumpa pole mwenzake. Nilinunua chai nyingine mbili, yake na yangu, lakini yangu sikuinywa. Neno lilikuwa limesafiri kutoka Ziwa Nyasa hadi Unguja, likavuka vizazi vinne, likafika kwenye kibanda cha chai Temeke. Jina la mji wake lilipotea, na la mama yake pia, lakini neno la kumpooza mtoto aliyeumia halikupotea.

Tangu hapo nilijua la kusoma. Tundu la mdomo wa juu lilikuwa la kuwekea kipande cha mti au pembe, pambo la wanawake wa makabila kadhaa ya kusini, miongoni mwao Wamakonde na Wamwera wanaoliita ndonya. David Livingstone alilieleza kwa mshangao alipopita kwa Wamang'anja karibu na Ziwa Nyasa katika miaka ya 1860, nao wakiliita pelele. Msichana alitobolewa angali mdogo, na tundu likapanuliwa kidogo kidogo. Kwao lilikuwa uzuri. Unguja lilikuwa cheti cha utumwa kilichoandikwa usoni, kisichoweza kuchanwa.

Nikajifunza tena njia yenyewe. Misafara kutoka Nyasa ilishuka hadi Kilwa Kivinje, na kutoka hapo majahazi yaliwapeleka watu Unguja. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara hiyo ya baharini na kufunga soko la Mkunazini mwaka 1873, lakini majahazi ya magendo yaliendelea kwa miaka mingi baadaye. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja na Pemba hadi tarehe 6 Aprili 1897, kwa amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed. Hata hapo mtumwa hakuamka asubuhi akajikuta huru. Ilimpasa aende mbele ya mahakama aombe, na mwenye mtumwa aliweza kulipwa fidia. Masuria walitengwa katika amri hiyo, nao wakangoja mpaka mwaka 1909.

Mwaka 2011 nilikwenda kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja, nikakaa siku tisa nikipekua madaftari ya walioachwa huru. Ndugu msomaji, kusoma madaftari yale kunahitaji moyo. Ukurasa mzima wa watu, kila mmoja na jina moja tu: hana baba, hana mji, ana kabila na jina la bwana wake. Na majina yenyewe si yale waliyopewa na mama zao. Ni majina ya furaha, ya bahati, ya viungo na manukato, kama mtu anavyowapa wanyama wake wa kufugwa.

Jina la bibi yetu nililikuta mara sita. Mmoja kati ya wale sita aliandikwa kuwa mwanamke wa kabila la Mnyasa, umri kama miaka ishirini na mitano, mwaka 1898. Nilipopeleka kidole kwenye safu ya jina la bwana wake, nikasimama. Lilikuwa na lakabu ya ukoo wetu.

Siwezi kuapa kwamba ndiye. Mtafuta nasaba mwaminifu lazima akiri panapokosekana ushahidi. Lakini umri, kabila na lakabu vyote vilielekea mahali pamoja. Lakabu tuliyojivunia ilikuwa ya aliyemmiliki. Ndipo nikamkumbuka na yule Abdalla, Mwarabu wa jahazi, ambaye nilikuwa nimemtafuta bila mafanikio. Abdalla maana yake ni mtumwa wa Mungu, na ni desturi ya tangu zamani kwamba aliyeingia katika Uislamu na baba yake hajulikani huitwa kwa jina hilo. Abdalla wetu hakuwahi kupanda jahazi lolote. Alikuwa nafasi iliyoachwa wazi, ikajazwa kwa adabu.

Nilirudi kwa mama mkubwa jioni ile ile. Nilimkuta barazani peke yake. Nikamweleza yote: stempu, dereva, daftari. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniambia nimletee ile kadi. Aliishika kwa mikono miwili, akaileta karibu na uso.

"Mwanangu," akasema, "mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha alipokuwa mzee. Unadhani sikuliona?"

Kisha akanisimulia. Bibi alimwambia mara moja tu, usiku, karibu na kufa kwake mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Alisema, "Mimi nilikuja kwa miguu." Alikuwa msichana mdogo. Alitembea mpaka nyayo zikachanika, na mama yake alibaki njiani. Hakueleza alibakije. Sikio lilichanwa na mtu aliyetaka pete yake. Baada ya hapo akamuapisha mjukuu wake asiseme kitu mpaka binti zake wote wawe wameolewa.

"Nawe ukakaa kimya miaka sitini," nikasema.

"Nilingoja waolewe," akajibu. "Na kila akiolewa mmoja, huzaliwa mwingine."

Hakuwa akitania. Wakati ule ule mjukuu wake alikuwa ameposwa na watu wa nyumba kubwa, na barua ya posa ilikuwa imetaja kwa heshima asili yetu. Mama mkubwa alinishika mkono. "Ngoja harusi ipite. Mimi sikuombi uongo. Nakuomba subira."

Nililala na ombi hilo usiku kucha. Upande mmoja niliona kwamba kunyamaza ni kumfunika bibi mdomo kwa mara ya pili. Upande wa pili niliona binti wa watu, hana kosa, anayeweza kurudishiwa posa kwa sababu ya tundu lililotobolewa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, katika kijiji ambacho hakuna kati yetu anayekijua. Ni rahisi kuwa jasiri kwa kuweka rehani maisha ya mwingine. Nikangoja. Mpaka leo sina hakika kama nilingoja kwa huruma au kwa woga.

Harusi ilifanyika. Mwaka 2013, siku ya hitima ya mmoja wa wajomba zetu, watu walipokuwa wamekwisha kula, mama mkubwa mwenyewe aliniita mbele ya wote akasema, "Onyesha ile kadi." Nikaitoa. Ikapita mkono kwa mkono. Yule bibi harusi wetu, wakati huo ana mtoto mgongoni, aliitazama akalia, kisha akauliza kama anaweza kupiga nakala. Mumewe alisema maneno machache tu, "Kwetu pia wapo, ila sisi hatuna picha." Lakini binamu yangu mmoja alisimama, akasema nimewavua nguo wazee hadharani kwa karatasi ya pauni nne. Tangu siku hiyo hajanisemesha. Tukikutana msibani hugeuza uso. Hasara hiyo naihesabu, wala sitajifanya haipo. Kwa ajili yake na wengine sikuandika humu jina lolote la kwetu.

Mama mkubwa alifariki mwaka 2016. Kadi iko kwangu, nyuma ya kioo, pamoja na nakala ya picha ile ya uzeeni, mdomo wazi na mdomo uliofunikwa, sambamba. Wageni huniuliza kwa nini nimezipanga hivyo, nami huwaeleza.

Kama unao wazee nyumbani, ndugu msomaji, waulize leo, ila waulize kwa upole na uwe tayari kungoja. Picha ulizonazo zigeuze, uandike nyuma majina kwa penseli, na mahali, na mwaka. Usiseme kila mtu anawajua. Baada ya miaka hamsini hakuna atakayewajua, na anayefua nguo ndiye atakayesahauliwa kwanza. Maneno ya ajabu ya nyumbani kwenu nayo yasikilize, yale majirani wasiyoyatumia. Huenda ndiyo barua pekee mliyoachiwa.

Nasi wanawake wa ukoo huu bado tunacheka vile vile. Juzi mjukuu wangu alinichekesha kwa visa vya shuleni. Nilicheka mpaka machozi, na nilipojitazama nikaona mkono wangu umepanda wenyewe, upindo wa kanga umefika mdomoni. Mimi sina tundu. Niliushusha mkono, nikamalizia kicheko changu mdomo wazi.